Kabati la maabara lifunguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu karakana za wanafunzi. Nilikuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari ya hapa Dar es Salaam kwa miaka 29, nikastaafu mwaka 2022. Naishi Mbagala Kizuiani. Kila siku nasikia watu redioni wakitaja vifaa ambavyo shule zetu hazina, na wanasema kweli. Mimi nataka kusema habari za vile ambavyo zinavyo.

Kazi yangu ilikuwa funguo. Nilikuwa na funguo 14 nimezifunga kwa kamba ya kiatu: kabati la fizikia, la kemia, la baiolojia, stoo ndogo, stoo ya asidi, mlango wa grili. Kila mwaka walikuja wakaguzi wa mali. Tunafungua leja, wanasoma "galvanomita 12", yaani vipimo vya umeme mdogo, nazipanga mezani tunahesabu. Zikitimia 12, nimefaulu. Zikiwa 11, naandika barua ya maelezo. Katika miaka yote hiyo hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza ni wanafunzi wangapi wamezishika.

Basi mtu hujifunza kutokana na anachoulizwa. Niliona kuwa kifaa kisichotoka kabatini hakipotei wala hakivunjiki, nikaanza kuvizuia. Siku za vipindi vya vitendo nilitoa vichache, mwalimu akafanya jaribio mbele, watoto 60 wakatazama. Tulikuwa na oskiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, ya msaada iliyofika mwaka 1998 ikiwa na plastiki yake. Nimestaafu nimeiacha, na plastiki iko palepale.

Mwaka 2006 kijana mmoja wa kidato cha tatu aliunganisha galvanomita moja kwa moja kwenye betri, bila rezista ya kupunguza umeme. Sindano iligonga mwisho ikapinda. Alikuja mwenyewe kuniambia, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kifaranga. Niliandika barua, na mzazi akatakiwa alipe. Mama yake alikuwa muuza vitumbua. Alilipa kwa mafungu matatu, noti za mia tano na sarafu, amezifunga kwenye pindo la kanga. Mtoto hakuacha shule. Lakini tangu siku hiyo, kila kipindi cha vitendo alikaa nyuma na kalamu, akiandika namba wanazosoma wenzake. Nilimwona kwa mwaka mzima na nusu, na sikumwambia neno. Yule mtoto alikuwa amejifunza kwa macho yake kwa nini galvanomita haiwekwi kwenye betri bila kizuizi, jambo ambalo wengine walikuwa wanalikariri tu, na sisi tukamlipisha kwa kulijua.

Naandika leo kwa sababu mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, katika sekondari, na karakana zinajengwa. Nafurahi sana. Nilisoma shule ya msingi miaka ya sabini, wakati maneno ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 kuhusu Elimu ya Kujitegemea yalikuwa bado yanatembea madarasani, na najua mtoto anavyosimama wima akishika kitu alichokitengeneza. Hofu yangu ni moja. Karakana mpya ikiendeshwa kwa leja ya zamani itakuwa kabati langu lililopanuliwa.

Baada ya kustaafu, mkuu wa shule moja ya kata aliniita. Alikuwa na chumba kilichojaa madawati mabovu akauliza kama naweza kukifanyia kitu. Tulitoa madawati, yale yanayofaa tukayageuza meza tatu za kazi. Jiliwa, kile chuma cha kubania kitu mezani, tulipewa na fundi wa Gerezani aliyekuwa amenunua jipya. Vingine tulinunua Kariakoo: bisibisi, koleo, tupa, msumeno wa chuma, pasi mbili za kuchomea nyaya kwa risasi, multimita (vipima umeme) tatu za bei ya chini. Jumla ilifika shilingi 186,000, mimi na wazazi wawili tukachangiana. Naitaja hesabu hiyo ili mkuu wa shule mwingine asidhani lazima asubiri mfadhili. Vitu vya kufanyia majaribio tunaviokota: printa zilizokufa, redio za kaseti, feni, diski za kompyuta zenye mota ndogo nzuri ndani. Kule Lomé, Togo, mwaka 2013 kijana aitwaye Kodjo Afate Gnikou alijenga printa ya pande tatu, ile inayotengeneza vitu badala ya kuchapa karatasi, kwa mabaki ya printa na skana za jalalani. Hapa kwetu Kijitonyama vijana wa kituo cha ubunifu cha Buni Hub nao waliwahi kutengeneza printa za namna hiyo kwa taka za kielektroniki. Kwa hiyo nikiona mtu anachoma kompyuta mbovu apate shaba, roho inaniuma.

Ukutani tumebandika kipande cha boksi chenye wajibu tatu. Hatukuutunga sisi. Profesa Neil Gershenfeld wa chuo cha MIT, Marekani, alianza mwaka 1998 kufundisha darasa la kutengeneza vitu kwa mikono na mashine, na kutokana na kazi yake zikaenea karakana za jamii ziitwazo Fab Lab katika nchi nyingi. Karakana hizo zina mkataba wao, na mtumiaji anabeba wajibu huu: usalama, yaani usiumize mtu wala mashine, usimamizi, yaani saidia kusafisha na kutunza, na maarifa, yaani andika ulichofanya na ufundishe wengine. Wa kwanza na wa pili kila mtunza maabara anaujua. Wa tatu ndio ulionibadilisha, na nitaueleza kwa kisa cha tangi.

Shule ina tangi la lita 5,000 juu ya mnara wa matofali. Maji ya bomba yanakuja kwa zamu, mara nyingi usiku. Mchana tangi likikauka hakuna anayejua mpaka mapumziko, watoto wakikuta vyoo havina maji, na wasichana ndio wanaopata shida kubwa zaidi. Kundi la kwanza, wanafunzi sita wa kidato cha pili, wakasema wataweka kengele ya kuonya kabla maji hayajaisha.

Walichukua nyaya mbili za shaba, wakazichuna ncha, wakazishusha ndani ya tangi mpaka karibu na chini. Maji yakiwa yanazigusa, umeme mdogo unapita kwenye maji kutoka waya mmoja hadi mwingine, na transista, swichi ndogo ya elektroniki, inaizuia kengele isilie. Maji yakishuka chini ya ncha, njia inakatika, kengele inalia. Walitumia betri ya pikipiki na kengele waliyoitoa kwenye mdoli mbovu. Siku walipoifunga, tulifungua koki tukasubiri. Ilipolia, watoto walishangilia hadi mwalimu wa zamu akaja mbio akidhani kuna nyoka.

Wiki ya nne, tangi likiwa limejaa pomoni, kengele ikaanza kulia. Ilikuwa asubuhi ya mtihani wa majaribio. Mkuu wa shule akaagiza ing'olewe, na alikuwa na haki. Jumamosi tukavuta nyaya juu. Waya wa upande wa hasi ulikuwa mzima. Wa upande wa chanya ulikuwa umeliwa, umebaki mwembamba kama uzi wa kushonea, juu yake kuna ukoko wa kijani unaosagika kwa kidole. Msichana mmoja akaugusa, ukakatika mkononi mwake. Nilikuwa nimewaandalia walimu wa kemia vifaa vya elektrolisisi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikumbuki kuona watoto wamenyamaza kwa kufikiri namna ile. Umeme wa njia moja ukipita kwenye maji muda wote, shaba ya upande wa chanya inayeyuka kidogo kidogo. Jambo hilo limo kwenye kitabu. Siku ile lilikuwa mkononi. Pia ilitubidi tukiri kwamba shaba hiyo ilikuwa inaingia kwenye maji ya watoto.

Zamani ningeandika "kifaa kimeharibika" na kundi lingetawanyika kwa aibu. Safari hii tulifungua daftari kubwa la karakana. Wakachora walivyounganisha, wakaandika tarehe, wakabandika kile kipande cha waya kwa utepe, na chini wakaandika kwa nini kimeliwa. Daftari halitoki chumbani na halifungiwi. Yeyote anaingia analisoma.

Mwaka uliofuata kundi la pili halikuanza upya. Lilisoma kurasa zile likaanzia pale wenzao walipoanguka. Waliweka spoki za baiskeli za chuma kisichoshika kutu badala ya shaba. Kisha mmoja akauliza kwa nini umeme upite muda wote, wakati tunataka kujua hali ya maji mara moja moja tu. Wakatafuta bodi ndogo inayopokea programu, ikawa inapima sekunde moja kila baada ya dakika kumi. Hiyo ikadumu kwa miezi. Kundi la tatu, hili la sasa, limeondoa chuma majini kabisa. Limetengeneza boya kwa soli ya kandambili, juu yake sumaku ya spika, na swichi ya sumaku, ya aina inayowekwa kwenye milango ya maduka.

Bodi ile ndogo tuliyoinunua Kariakoo ni ya aina ya Arduino. Ilianzia mwaka 2005 katika chuo cha usanifu mjini Ivrea, Italia, kwa akina Massimo Banzi na wenzake, waliotaka wanafunzi wao wapate kifaa rahisi. Michoro yake wakaiacha wazi, kila mtu aitazame, aitengeneze, aiboreshe. Ndiyo maana viwanda vingi vinaitengeneza na bei imeshuka hadi shule ya kata ya Mbagala ikamudu kuinunua. Mchoro huo ungekuwa wa siri, kundi letu la pili lisingekuwa na cha kununua.

Wapo watakaosema hayo ni ya Wazungu. Lakini mfano mkubwa uko hapa mjini. Mwaka 2011 nilikuwa nakwenda sana Tandale kwa dada yangu aliyekuwa mgonjwa, nikawakuta wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa palepale wakipita vichochoroni na vifaa vya kupimia mahali, wakiuliza njia hii inatokea wapi, mfereji unaishia wapi, bomba liko wapi. Dada yangu aliwatajia jina la kichochoro ambalo halijawahi kuandikwa popote. Waliyokusanya yaliwekwa katika OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuitazama na kuiongezea. Mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ilikua ikaitwa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wananchi wakachora kata zinazokumbwa na mafuriko. Sisi tuliokuwa Dar mwezi Desemba 2011 tunajua maji ya mto Msimbazi yalifanya nini, na tunajua mfereji ukiandikwa kwenye ramani una maana gani. Ile ilikuwa kazi ya wanafunzi, ya pamoja, na ya wazi. Hakuna aliyeificha ili apate alama peke yake.

Shuleni tumewazoesha watoto kinyume chake. Niliwahi kusindikiza wanafunzi kwenye maonyesho, nikamwona kijana amekunja mchoro wake akauingiza ndani ya shati majirani wa meza ya pili walipokaribia. Sikumlaumu. Tangu darasa la kwanza anaambiwa funika daftari, usimwonyeshe mwenzako. Kwenye chumba cha mtihani ni sawa, na mimi nimesimamia mitihani mingi, sitaki wizi. Lakini karakana si chumba cha mtihani. Mwalimu mmoja alinipinga kwa nguvu: "Mama, wakiona daftari la wenzao watakopi tu." Nikamwomba awaite kundi la pili awaulize. Aliwauliza kwa nini spoki na siyo shaba, kwa nini dakika kumi. Walijibu kila mmoja kwa maneno yake. Aliyekopi hawezi kujibu kwa nini. Sasa mwalimu huyo anatumia swali hilo kutoa alama, na ameacha kukadiria nani alianza wa kwanza.

Uwazi huo umeturudishia faida. Mwalimu kutoka upande wa Kigamboni alikuja kumtembelea nduguye, akapiga picha kurasa tisa za daftari kwa simu. Baada ya miezi miwili akatuma mchoro wa wanafunzi wake. Boya letu lilikuwa linasuguana na ukuta wa tangi na kukwama. Wao walilitia ndani ya kipande cha bomba la plastiki lililotobolewa matundu, likawa linapanda na kushuka bila kuyumba. Hatujawahi kuwaona watoto hao, na wametusaidia.

Kuna jambo la kundi ambalo nataka walimu waliangalie sana. Ukiwaambia watoto sita, wavulana na wasichana, wafanye kazi pamoja, baada ya nusu saa wavulana wameshika pasi na bisibisi, wasichana wameshika kalamu. Hawakupangwa na mtu, imetokea tu, na ukiacha hivyo msichana atamaliza miaka minne ana mwandiko mzuri na hajawahi kuchomea waya. Tumeweka sheria: aliyeshika kalamu Jumamosi hii, Jumamosi ijayo anashika pasi, na kalamu inakwenda kwa aliyeshika pasi. Wavulana walilalamika zaidi kwa sababu ya kuandika. Leo ukurasa mzuri kuliko yote katika daftari letu umeandikwa na mvulana aliyekuwa anafeli Kiswahili.

Usalama nautaja kwa ufupi ila kwa uzito. Watoto hawagusi umeme wa TANESCO; mwisho wetu ni betri ya volti 12. Betri za simu hazitobolewi wala hazikunjwi, zinalipuka moto. Anayechomea risasi anafungua dirisha, na hali kitu mpaka anawe mikono kwa sabuni, maana risasi ni sumu. Ndoo ya mchanga iko mlangoni.

Sasa ombi langu, Mhariri, na naomba lifike kwa wizara, kwa maofisa elimu na hasa kwa wakaguzi wa mali. Katika stoo ya shule kuna leja za aina mbili. Kuna vifaa vya kudumu, na kuna vifaa vya matumizi. Karatasi ya kuchujia ni kifaa cha matumizi. Asidi ni kifaa cha matumizi. Hakuna aliyewahi kuniandikisha barua kwa sababu asidi imeisha. Kinyume chake, chupa ikikaa imejaa miaka mitatu mkaguzi anauliza kwa nini hamfanyi vitendo. Naomba vifaa vidogo vya karakana, yaani pasi za kuchomea, multimita za bei ya chini, bisibisi, nyembe za msumeno, bodi ndogo, viandikwe kwenye leja ya matumizi. Viharibike kwa kutumika, kama chaki inavyoisha kwa kuandikwa. Mashine kubwa za karakana za amali zibaki kwenye leja ya kudumu, hilo silipingi, ila mkaguzi akija aombe na daftari la kazi, aone mashine imetumika siku ngapi na akina nani. Mtunza karakana aulizwe hilo, ambalo mimi sikuwahi kuulizwa.

Pia karakana hizo wasifungiwe wanafunzi wa mkondo wa jumla. Mchana baada ya vipindi na Jumamosi, ziwe wazi kwa wote. Chang'ombe kuna chuo cha ufundi cha VETA, mjini iko taasisi ya teknolojia ya DIT, na Keko na Gerezani wamejaa mafundi wanaojua kazi. Wakiombwa kwa heshima saa mbili kwa mwezi wanakuja. Fundi wetu wa Gerezani mwanzoni alikataa kuchora, akasema mchoro ndio ugali wake. Nilimwacha. Alipoona watoto wanaandika kila kitu mpaka makosa yao, alichukua chaki mwenyewe.

Kwa watunza maabara wenzangu mlio kazini: najua barua ya maelezo inavyotisha, na sitawaambia mvunje kanuni. Anzeni na vile ambavyo havimo kwenye leja yoyote, kama redio mbovu ya nyumbani kwenu na bisibisi yenu wenyewe.

Jumamosi hii kundi la tatu wanapanda mnarani kufunga bomba lile la matundu. Swichi ya sumaku bado inachelewa kushika boya linaposhuka taratibu, na hatujajua kama ni sumaku imechoka au iko mbali. Daftari liko mezani, ukurasa wa 47, nafasi ya kuandika ipo. Mwenye wazo aje, mlango unafunguliwa saa tatu asubuhi.

Mtunza maabara mstaafu,
Mbagala Kizuiani,
Dar es Salaam